Programu ya Afya Haijui Kama Umemeza

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa namwombea mama dawa zake kupitia programu ya afya kwenye simu, na niliamini kabisa kwamba namtunza vizuri. Kila mwezi nilifungua orodha yake, nikaweka alama kwenye dawa zote nne, nikabofya. Baada ya siku chache ujumbe uliingia kwamba dawa ziko tayari, mdogo wangu akaenda kuzichukua. Basi.

Siku moja nikitafuta miwani yake kwenye droo nilikuta pakiti saba za amlodipini, dawa yake ya presha, hata moja haijafunguliwa. Nikamwuliza.

"Hizo zinanivimbisha miguu, mwanangu. Niliziacha zamani."

Kuvimba miguu ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, na huzidi kadiri dozi inavyopanda. Lakini kilichonikosesha usingizi si pakiti zile. Wiki mbili kabla yake daktari alimpima mama akakuta presha haijashuka. Akafungua rekodi, akaona dawa inaombwa kila mwezi bila kukosa, akapandisha dozi kutoka miligramu 5 hadi 10. Simlaumu hata kidogo. Rekodi aliyoiamini niliijaza mimi, kwa kidole changu, mwezi baada ya mwezi.

Programu inajua kwamba dawa imeombwa, daktari ameidhinisha, mfamasia ametoa. Haijui kama imemezwa. Na wasiomeza si wachache: mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi zilizoendelea, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao sawasawa ni wastani wa asilimia 50 tu. Wengine husahau, wengine huogopa madhara, wengine hujisikia wazima wakaona hakuna haja; presha haina kelele. Zamani mgonjwa alipokwenda mwenyewe kuomba cheti kipya cha dawa, palikuwa na mtu wa kumtazama usoni na kumwuliza anaendeleaje. Swali lile tumeliondoa pamoja na foleni.

Sisemi turudi kwenye foleni. Nakumbuka vizuri simu zilizoita bila kupokelewa, na vyeti vya karatasi vilivyopotea njiani. Kuona kwenye simu kwamba ombi limepokelewa, au limekataliwa na kwa sababu gani, ni nafuu kubwa kwa anayemhudumia mzazi aliye mbali. Ninachopinga ni kile kitufe cha kuomba dawa zote kwa mpigo. Kingekuwa mikononi mwangu ningekifuta leo, na mbele ya kila dawa ningeweka swali moja tu: zimebaki ngapi? Aliyebakiwa na vidonge ishirini wakati anapaswa kuwa na vitano ana jambo la kumwambia daktari wake, na hapo ndipo pa kumwuliza.

Kwa kuwa programu nyingi haziulizi, inabidi tujiulize wenyewe. Mimi sasa nahesabu kwanza, dawa moja moja, kisha naomba ile inayokaribia kuisha tu. Ya kupaka, ya maumivu, zile zinazotumika inapobidi, naziacha zilipo mpaka zihitajike. Dawa iliyokwisha kutoka dukani na kukaa nyumbani kwa mtu kwa kawaida haigawiwi tena kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha ilihifadhiwa vipi. Pakiti saba za mama ziliishia kuharibiwa.

Kuhesabu kuna faida nyingine. Bado wapo wanaodhani ukibofya asubuhi dawa unaichukua jioni, kumbe upande wa pili kuna daktari wa kusoma ombi, pengine vipimo vya kuangalia kwanza, halafu mfamasia wa kuandaa, na katikati huenda kuna sikukuu. Naomba zikiwa zimebaki za siku saba hadi kumi. Kwa dawa fulani hili halina mjadala: za kifafa, prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili) iliyotumika kwa muda mrefu, na za moyo kama atenololi na propranololi. Kukatika kwake ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa ulivyokuwa umetulia.

Tumebadilisha pia namna ya kuingia. Nilikuwa natumia nenosiri la mama kana kwamba mimi ndiye yeye. Sasa nina ruhusa yangu ya kumsimamia, aliyoikubali mwenyewe, na daktari anajua kwamba anayeomba ni mtoto wake. Tofauti hiyo ina uzito wake, maana ombi likitoka kwa jina lake kila mtu hudhani yeye mwenyewe amezitazama dawa.

Chini kabisa ya ukurasa wa kuombea, mahali ambapo sikuwa nimepatazama mwaka mzima, pana nafasi ya kumwandikia daktari maelezo. Nilimpigia mama, nikamwomba aniambie kwa maneno yake mwenyewe, nami nikaandika: "Hii sijaimeza tangu miguu ilipoanza kuvimba. Naomba nyingine." Siku mbili baadaye daktari alimpigia yeye, si mimi.