Kwetu Lubumbashi majani huchipua mwezi wa tisa

Mwezi wa nne uliopita binti yangu alimpigia kambo wake (kwetu kambo ni babu au bibi) simu ya video kutoka bustani ya mimea ya Meise, kaskazini ya Brussels. Tulikuwa tumesimama chini ya manyolia, na alitaka kambo aone maua. Kambo akayasifu sana, kisha akauliza, "Na hiyo miti inazaaka nini?" Mtoto akamjibu kwamba haizai kitu cha kula. "Sawa. Miti ya huku kwetu inachipukaka mwezi wa tisa, inakuwa nyekundu yote. Mama yako hakukuambiaka?"

Sikuwa nimemwambia, na jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Nimeishi huku miaka 11. Mwezi wa tatu ukiingia najua lini bustani itaanza matembezi ya familia, siku gani watoto watapanda mbegu, na njia ipi itanukia kitunguu saumu cha mwituni. Kalenda ya miti ya wenyeji wangu naijua kwa moyo. Ya pori lililokuwa karibu na Katuba, mtaa wa Lubumbashi nilikozaliwa, sijamfundisha mwanangu hata neno.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Lubumbashi tulio Ubelgiji, mtu akituma picha za maua ya huku, maneno ni yale yale: wenzetu wanajua kuishi, kwetu hakuna kitu. Wengine huongeza kwamba na sisi tujengewe bustani kama ya Meise. Nimenyamaza muda mrefu. Sasa nasema kwamba kwetu kipo kitu, na bustani ya vioo siyo tunayoihitaji.

Nisieleweke vibaya, Meise naipenda. Ina hekta 92, na katikati yake kuna ngome ya Bouchout, alikoishi Charlotte, dada wa Leopold II, mpaka alipofariki mwaka 1927. Serikali ya Ubelgiji iliinunua ardhi hiyo mwaka 1938 ili kuihamishia bustani iliyokuwa katikati ya Brussels. Leo kuna nyumba za vioo 13 zilizounganishwa, na ukiingia tu lazima uvue koti, maana joto la ndani ni kama la Kisangani. Lakini vioo hivyo vinahitaji moto kipindi chote cha baridi, na mimi siviendei mara nyingi. Kinachonirudisha pale ni matembezi ya asubuhi.

Safari ile aliyetuongoza alikuwa mama mtu mzima, mwenye buti za mvua. Alikusanya watoto wapatao kumi na wazazi wao. Alizungumza Kiholanzi, binti yangu akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Akatupeleka kwenye kipande cha msitu ambamo miti ilikuwa bado mitupu, lakini chini kote ardhi ilikuwa imejaa vimaua vyeupe, anemoni za mwituni. Akachuchumaa, akauliza watoto: kwa nini hivi vimekuwa na haraka, na baridi bado ipo? Halafu akasubiri. Alisubiri kweli, bila kuwasaidia, mpaka mtoto mmoja akatazama juu, akasema: jua. Ndivyo. Miti mikubwa ikishafungua majani yake, chini kutakuwa giza, kwa hiyo vimaua hivi humaliza kazi yao ya mwaka mapema, mwanga ukiwa bado unafika. Akawaambia pia kwamba jioni vinajifunga, na mvua ikija vinajifunga. Mvua ikaja kweli tukiwa njiani kurudi, na watoto wakakimbia kwenda kuhakikisha.

Baadaye waliweka udongo na maharage katika vikopo vya mtindi. Kikopo cha binti yangu kilikaa dirishani kwetu hadi mharage ukagusa pazia.

Hapo ndipo wivu wangu ulipo. Namwonea wivu mama yule wa buti, aliyesimama na watoto mbele ya mmea, akijua jina lake na sababu yake, na akiwa na subira ya kungoja jibu.

Sasa njoo Lubumbashi. Mvua inakatika kuelekea mwezi wa tano. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi ya kuvaa pulova. Mwezi wa nane nyasi zimeungua, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na pori linaonekana kama limekufa. Halafu, kabla tone moja la mvua halijaanguka, miputu na mitondo, miti ya pori letu, inatoa majani mapya. Yanatoka mekundu: mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai, mengine ya machungwa yaliyoiva, na kilima kizima kinawaka. Rangi hiyo hulikinga jani changa na jua kali. Likishakomaa hugeuka kijani. Mti umetoa wapi maji, wakati visima vyenyewe vimeshuka? Umeyatoa chini sana, kwa mizizi yake, na mengine uliyaweka akiba shinani. Manyolia ya Meise ikikosea siku, baridi ya usiku mmoja hugeuza maua yake kahawia. Muputu hufungua majani yake katikati ya ukame, ukijua mvua iko njiani.

Kila mtoto wa Lubumbashi aliyewahi kupita barabara ya Kipushi au ya Likasi mwezi wa tisa ameuona wekundu huo. Ni wangapi wamewahi kuulizwa: kwa nini majani haya yana haraka, na mvua bado haijaja?

Mjini tunapiga picha jakaranda. Ni nzuri, sikatai, avenyu zikijaa zambarau hata mwenye haraka hupunguza mwendo. Lakini jakaranda ililetwa kutoka Amerika ya Kusini. Muputu ulikuwa pale kabla mji haujaanzishwa mwaka 1910, na watoto wetu wengi wanaufahamu ukiwa ndani ya gunia tu, umekuwa makala, yaani mkaa.

Kuhusu makala nina la kusema, maana mjomba wangu alichoma makala miaka mingi upande wa Kasenga. Watu wa mjini humtaja mchoma makala kama adui wa pori, na ni kweli kwamba kila mwaka pori linazidi kuwa mbali na mji. Lakini mtu wa kwanza kunitajia jina la mti alikuwa yeye. Alijua mti upi unatoa makala mazito, upi ni wa asali, upi una vinkubala, viwavi wa kula, msimu ukifika hivyo usiuguse. Mulombwa aliukata ganda kidogo ili nione utomvu unaotoka kama damu. Akanionyesha kisiki kilichotoa machipukizi kumi na kuniambia, "Huu haujafa. Kinachouuaga ni moto wa mwisho wa kiangazi." Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba upande wa pili wa mpaka, karibu na Ndola nchini Zambia, kulikuwa na majaribio yaliyoanza mwaka 1933: sehemu moja ya pori ikichomwa mapema kila mwaka, nyingine ikichomwa mwishoni mwa kiangazi, nyingine ikikingwa na moto. Iliyochomwa kwa kuchelewa ikaelekea kuwa nyasi. Iliyokingwa ikarudi kuwa msitu. Mjomba alikuwa amefika kwenye jibu lile lile kwa kutembea.

Na bado sijataja maua ya shaba. Kwenye vilima vya madini vya Katanga kuna mimea inayoota mahali ambapo shaba ni nyingi kiasi kwamba mti hauwezi kusimama. Haumaniastrum katangense ni mmoja wao, na wachimbaji waliutumia kama alama: ukiona maua yake yametanda, chini huenda kuna shaba. Baadhi ya mimea hiyo haioti mahali pengine popote duniani, na kilima chake kikichimbwa chote, nayo imekwisha. Watafiti wa Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Ubelgiji wamefanya kazi nyingi kuihifadhi. Mtoto wa mchimbaji, anayekaa mita chache kutoka kwenye kilima hicho, nani amemweleza?

Siku moja huko Meise nilibahatika kuingia na kikundi mahali inapohifadhiwa mimea mikavu. Ni karibu karatasi milioni 4, na hakuna mahali penye mimea ya Kongo kwa wingi kama pale. Mwongozaji akafungua kabati, akatoa karatasi moja. Jani lilikuwa limegeuka kahawia, na kwenye lebo mtu alikuwa ameandika kwa wino: Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Chini yake jina la Kilatini, jina la aliyekusanya, halafu jina la kienyeji, neno ninalolijua tangu utoto. Nilisimama pale nikiwaza mtu mmoja tu, yule aliyelitamka neno hilo akiulizwa porini. Kuna mtu wa kwetu aliyesema, "Huu tunauita hivi." Neno lake limehifadhiwa vizuri, lakini yeye mwenyewe hakuandikwa popote.

Zaidi ya karatasi milioni moja kati ya hizo zimeshapigwa picha na zinaonekana bure kwenye intaneti. Ni jambo jema, nami nalishukuru. Lakini bure ya Brussels siyo bure ya Katuba, ambako mtu huhesabu mega za intaneti kabla ya kufungua picha.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji vioo. Shule zetu zinafungua mwezi wa tisa, wakati ule ule ambao pori limevaa nyekundu. Bahati gani hiyo! Mwanafunzi wa agronomia anayetafuta mahali pa kufanyia staji anaweza kuongoza darasa moja asubuhi moja. Miti mikubwa ya kwenye jardin zoologique ya mjini, ambako watoto huenda kutazama wanyama, iwe na vibao vyenye jina la Kibemba na la Kiswahili juu, Kilatini chini. Na mama anayeuza sokoni mizizi ya munkoyo, ya kutengenezea kinywaji, alipwe nusu siku aje aeleze anavyoitambua porini, anaichimba vipi, na matunda ya masuku yataiva lini. Nimeambiwa kwamba mtu mwenye njaa hana muda wa majani. Walioniambia hivyo walikula bowa (uyoga) na vinkubala utoto wao wote, na waliovichuma walikuwa watu waliojua majani.

Mwaka huu tunakuja mwezi wa tisa. Nimeomba ruhusa shuleni kwa binti yangu. Walisita, kisha wakakubali kwa sharti kwamba akirudi aeleze darasa lake alichoona. Kambo ameshawaambia watoto wa jirani, na sasa wako wanane. Nilimuuliza nani atatuongoza, maana mjomba hawezi tena kutembea mbali.

"Tutamupeleka na pikipiki mpaka pale miti inaanzia," akasema. "Atakaa kwenye kiti. Batoto batamuletea majani, naye atasema."

Binti yangu ameanza kuandika maswali. La kwanza kwenye daftari lake ni kuhusu haraka.