Konveta ya moduli kwa mota kubwa: pampu, kinu au feni?

Pampu inayosukuma maji ya ziwa kutoka Ggaba hadi matangi ya kilima cha Muyenga, jijini Kampala, na kinu cha kusagia saruji kule Tororo, mashariki mwa Uganda, vyote huzungushwa na mota. Kwa muuzaji wa draivu, yaani kifaa kinachoongoza mwendo wa mota, mota ni mota. Kwa konveta ya moduli yenye ngazi nyingi, aina ya draivu inayounda umeme wa mota kwa vipande vingi vidogo, hizo ni kazi mbili zisizofanana.

Konveta hii ilibuniwa na Mjerumani Rainer Marquardt mwanzoni mwa miaka ya 2000. Moduli ndogondogo hupangwa mfululizo, kila moja ikiwa na transista mbili (swichi za elektroniki) na kapasita moja (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme). Moduli ikiingia, volteji hupanda ngazi, ikitoka, hushuka. Ngazi zikiwa nyingi, wimbi linalofika kwenye mota huwa laini, na insulesheni ya koili haichapwi na miruko ya ghafla. Kwa kiwanda chenye mota ya miaka mingi hilo si jambo dogo, maana kuwaindi mota kubwa upya ni gharama na ni siku nyingi za kusimama.

Sasa tuhesabu. Mota ya volti 6,600 inataka konveta ilishwe takriban volti 11,000 za mkondo mnyoofu (DC). Kila moduli ikibeba volti 1,000, unahitaji 11 kwa kila mkono, yaani kila mnyororo wa moduli, na mikono ni sita: moduli 66, transista 132. Ukitaka upande wa gridi nao uwe wa moduli, zidisha mara mbili. Mpinzani wake wa siku nyingi, draivu ya seli mfululizo (kila seli ni konveta ndogo inayojitegemea), humaliza kazi hiyohiyo kwa seli 18, ila anadai transfoma yenye koili 18 za upande wa kutoa umeme, moja kwa kila seli. Wanaoibeza konveta ya moduli husema vipuri vingi ni hitilafu nyingi. Kweli, lakini moduli iliyoungua hurukwa, na ukiwa umeweka za akiba, mashine haisimami. Transfoma ile ikiungua, hata mafundi wa Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, wanaofufua kila kitu, watakutazama tu. (Kwa volti 3,300 sioni haja ya mjadala: konveta ya kawaida ya ngazi tatu inatosha.)

Ugonjwa wake mkubwa ni mwendo wa polepole. Kapasita hujazwa na kukamuliwa kwa zamu, kufuata frikwensi ya mota. Frikwensi ikishuka hadi nusu na mkondo ukabaki uleule, mtikisiko wa volteji ndani ya kapasita huwa karibu maradufu. Dawa ipo: kuzungusha mkondo wa ziada ndani ya konveta na kuongeza volteji ya frikwensi kubwa. Lakini transista hubeba mzigo zaidi, na volteji hiyo hutafuta njia ya kupitia beringi za mota. Kinu huanza kikiwa kimejaa, kinadai nguvu yote tangu mzunguko wa kwanza. Hapo singeifunga konveta hii.

Pampu basi? Wauzaji hupenda kusema ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, umeme unaoliwa hushuka hadi karibu asilimia 51. Hesabu hiyo ni sahihi pale ambapo maji hayapandi mlima. Muyenga ni mlima. Sehemu kubwa ya kazi ya pampu ile ni kuyainua maji tu, na urefu wa kilima haupungui kwa sababu umepunguza mwendo. Pampu inaipenda konveta, lakini bili ya umeme haitashuka kama brosha inavyoahidi.

Mimi ningerudi Tororo, nikipite kinu, niende kwenye feni kubwa ya tanuri. Feni haiinui chochote, nguvu ya msokoto (torque) inayotakiwa kuizungusha hupungua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo wa polepole hauitaji mkondo mkubwa, na mara nyingi hewa yake hubanwa kwa vilango huku mota ikikimbia mwendo uleule. Tatizo litakalobaki ni vumbi la saruji na joto, ambavyo ni maadui wa kapasita. Kwa hiyo chumba kilichofungwa chenye kipoza hewa kiingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na bei yake ilinganishwe na ile ya transfoma unayotaka kuikwepa.