Rais Kama Steringi: Mvutano wa Wahakiki na Watazamaji Juu ya "Air Force One"

Filamu ya "Air Force One" iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Julai 1997 ikiwa na kisa kinachoweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Rais James Marshall, anayeigizwa na Harrison Ford, anatoka Moscow alikotangaza kwamba nchi yake haitajadiliana kamwe na magaidi. Ndege yake inatekwa angani na watu waliojifanya waandishi wa habari wa Kirusi, nao wanataka Jenerali Radek, mtawala wa mabavu wa Kazakhstan aliyekamatwa na makomandoo wiki chache kabla, aachiliwe. Walinzi wanamsukuma Rais ndani ya chombo cha kujiokolea, lakini chombo hicho kinatua kikiwa kitupu, kwa kuwa mwenyewe amebaki amejificha kwenye sehemu ya mizigo ili awapiganie mkewe, bintiye na wafanyakazi wake. Filamu hiyo iliyoongozwa na Mjerumani Wolfgang Petersen iligharimu takriban dola milioni 85 na kuingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani, karibu nusu ya fedha hizo zikitoka nje ya Marekani.

Hiyo nusu ya nje ndiyo inayonifanya niurudie mjadala huu. Wapo waliosema kwamba filamu hii ni wimbo wa kujisifu wa Wamarekani na si zaidi. Kama ni hivyo, mtu asiye na deni lolote kwa bendera ile alilipa kiingilio ili aone nini?

Tuwatendee haki wahakiki kwanza, kwa sababu hawakuwa kundi moja lililoikataa kazi hii. Wengi walimsifu Petersen kwa namna alivyoijua hofu ya watu waliofungiwa ndani ya chuma, jambo alilokwisha kulithibitisha katika filamu yake ya nyambizi ya mwaka 1981, "Das Boot". Roger Ebert, aliyekuwa miongoni mwa wahakiki waliosomwa zaidi Marekani, aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne. Kwake ilikuwa kazi ya kuridhisha iliyotengenezwa kwa mambo yaliyozoeleka, ikibebwa na mvuto wa Ford. Shtaka hilo ni la haki. Tangu "Die Hard" ya mwaka 1988, Hollywood ilikuwa imemfungia mtu mmoja pamoja na majambazi ndani ya jengo, kisha melini, kisha ndani ya basi, na kilichokuwa kipya safari hii ni cheo cha mtu huyo. Yapo na makosa ya kiufundi: ndege inapoanguka baharini mwishoni, michoro ya kompyuta inaonekana bandia hata kwa macho ya wakati ule, na Gibbs, mlinzi wa Rais anayewasaidia watekaji, anakufa bila filamu kutueleza kwa nini alimsaliti bosi wake. Bill Clinton mwenyewe, aliyekuwa Ikulu wakati huo na aliyeipenda filamu, alikumbusha kwamba ndege yake halisi haina chombo cha kujiokolea.

Kwa watazamaji, lawama ya kwamba mwisho unajulikana mapema haikuwa na uzito. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, ambako masimulizi ya Kiswahili ya kina Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya yalikuwa sehemu ya picha yenyewe, tulijua kabla ya kanda kuingizwa kwenye deki kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa picha, hafi na kwamba adui mkuu huachwa hadi mwisho. Hakuna aliyelipa ili ajue nani atashinda. Watu walilipa ili waone steringi atapigwa kiasi gani kabla hajashinda, na kama atashinda kwa akili au kwa ngumi. Mtu anayekaa kwenye benchi na kanuni hiyo kichwani hawezi kukubaliana na mhakiki anayetafuta jambo ambalo hajawahi kuliona, na wala mmoja wao hakosei.

Hata hivyo kanuni ya steringi ina sharti ambalo Rais halitimizi. Steringi wa kawaida ni askari aliyefukuzwa kazi, mwanajeshi mstaafu, kijana aliyeuliwa ndugu. Ni mtu aliyepungukiwa, na kwa hiyo tunamtakia ushindi. Rais wa Marekani amepungukiwa nini, naye ana jeshi na mabomu ya nyuklia? Waandaaji waliliona tatizo hilo, na njia waliyolitatua ndiyo ufundi mkubwa wa filamu hii kwa maoni yangu: wanamvua Marshall urais kabla ya kumpa ushujaa. Anatambaa katikati ya mizigo bila mlinzi wala koti, na anapopata simu na kupiga Ikulu, anayepokea anadhani ni mtu wa mzaha. Kwa dakika chache mkubwa wa dunia ni mwananchi anayeshindwa kuaminiwa na mapokezi ya ofisi ya serikali. Nadhani hapo ndipo mtazamaji wa Lagos au wa Tandale alipompokea kuwa wake, bila kuuliza kuhusu bendera.

Baada ya hapo filamu inafanya jambo ambalo sioni kama upande wowote umelipa uzito unaostahili. Kiongozi wa watekaji, Korshunov, anayeigizwa na Gary Oldman kwa ukali unaotisha, anamwekea bastola msaidizi wa masuala ya habari na kuhesabu hadi kumi kwenye kipaza sauti ili Rais ajitokeze. Marshall anasikiliza hadi mwisho na hatoki. Mwanamke yule anauawa, na msimamo ambao Rais aliutangaza Moscow unabaki palepale. Baadaye bastola inaelekezwa kwa familia ya Rais mwenyewe, naye anasalimu amri na kumpigia simu kiongozi wa Urusi ili Radek afunguliwe. Yaani mtoto wa mwenzako akifa, msimamo ni msimamo. Bastola ikimgeukia wa kwako, msimamo una mlango wa nyuma. Hakuna mzazi atakayemlaumu kwa kulegea, lakini aliyelegea ndiye aliyeuambia ulimwengu kwamba hatalegea, na ingekuwa filamu jasiri kama ingemwacha aishi na matokeo ya simu ile. Badala yake Korshunov anauawa, simu ya pili inapigwa, na Radek anapigwa risasi akiwa hatua chache kutoka kwenye uhuru wake. Deni linafutwa kabla halijadaiwa. Wahakiki waliosema hadithi haina kitu hawakulitazama jambo hili vya kutosha, na watazamaji walioshangilia walilipita mbio.



Kuna pia maneno ya Korshunov. Anamwambia Makamu wa Rais, anayeigizwa na Glenn Close, kwamba Marekani, iliyoua Wairaki laki moja ili ipunguze senti chache kwenye bei ya petroli, haina haki ya kumfundisha sheria za vita. Shtaka zito kuliko yote dhidi ya uzalendo wa filamu linatamkwa ndani ya filamu hiyohiyo, lakini limewekwa kinywani mwa muuaji ili tusilazimike kulijibu. Kazakhstan nayo ilipewa sura ya pango la dikteta anayeitishia dunia, wakati kwa kweli nchi hiyo ilikuwa imekabidhi mabomu yake ya mwisho ya nyuklia yaliyorithiwa kutoka Muungano wa Kisovieti mwaka 1995, miaka miwili kabla.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki maana ya hotuba ya Moscow ilibadilika tarehe 7 Agosti 1998, pale balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa na zaidi ya watu mia mbili kuuawa, kumi na wawili tu kati yao wakiwa Wamarekani. Marehemu waliobaki, karibu wote, walikuwa watu waliokwenda kazini au kupita njia. Siku kumi na tatu baadaye Clinton aliagiza makombora yarushwe Afghanistan na Sudan, na kwa kuwa siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu akiri hadharani uhusiano wake na Monica Lewinsky, wakosoaji walikumbuka filamu nyingine ya mwaka uleule wa 1997, "Wag the Dog", ambamo vita vinatungwa ili kufunika kashfa ya Rais. Mwaka mmoja uliipa Hollywood marais wawili, mmoja anayepigana kwa mikono yake na mwingine anayepigana kwa televisheni, na kwenye matukio ya Agosti yule wa pili ndiye aliyetajwa.

Yule wa kwanza aliendelea kupendwa. Mwaka 2015, Donald Trump akiwa mgombea alieleza jinsi alivyompenda Ford katika filamu hiyo kwa kuisimamia Marekani. Ford akamjibu kwamba ile ilikuwa filamu na kwamba maisha halisi hayako hivyo. Trump hakuliacha. Usiku wa ushindi wake, Novemba 2016, alipanda jukwaani katika hoteli moja ya New York huku spika zikipiga muziki wa "Air Force One", ule ambao Jerry Goldsmith aliutunga kwa takriban wiki mbili tu baada ya muziki wa mtunzi wa awali kukataliwa.