Bajaji ya JE-J

Mchana nachora stika za bajaji pale Ngamiani, Tanga. Usiku, umeme ukiwepo, nazipaka rangi ndege za kivita za mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Hainiingizii hata senti, ila ukinionyesha Spitfire ya 1944 imevaa rangi za 1940, chakula hakishuki.

Wiki hiyo nilikuwa naivisha Spitfire Mk IX ya Johnnie Johnson, rubani Mwingereza aliyeandikiwa ndege 34 alizotungua. Namba yake MK392. Kwa kuwa aliongoza marubani wa Kanada, ilikuwa na jani la maple karibu na kioo cha mbele. Na kwa cheo chake aliruhusiwa kuandika herufi za jina lake ubavuni: JE-J. Halafu ile mistari ya Juni 1944, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja inchi 18, iliyowekwa ili Waingereza na washirika wao wasitunguane wenyewe kwa wenyewe walipoivamia Normandy, Ufaransa, kupigana na Wajerumani. Mafundi waliipaka kwa brashi, mbiombio, ikatoka imepinda. Wachoraji wengi huipiga rula. Mimi nilikesha kuipinda.

Sasa Ami yangu alikuwa ameagiza stika ya bajaji yake mpya: jahazi, na maneno "Riziki Mafungu Saba". Nikaiweka kwenye flashi, nikampa kijana wa kuprinti, nikamwambia achukue ile yenye jahazi, mimi naenda Pangani msibani. Kijana akakuta mafaili mawili, akachukua zito. Baadaye alinijibu bila wasiwasi: "Kaka, zito ndiyo kazi yenyewe."

Nikiwa huko huko matangani, simu ya Ami.

"Mwanangu, hili jahazi mbona sioni tanga wala mlingoti?"

Akanitumia picha. Bajaji imejaa mistari kama kivuko cha pundamilia kilichoota magurudumu. Mlangoni lile duara la jeshi la anga la Uingereza. Ubavuni, herufi za kimo cha mtoto: JE-J. Watoto wa shule wakipanda wanamsomea kwa sauti, "Je, J?" Naye anawajibu, "Ndiyo."

Siku ya pili trafiki akamsimamisha Chumbageni.

"Shikamoo mzee. Chombo kimoja, namba mbili?"

"Marahaba. Yangu ni hiyo ya MC. Hiyo MK ni ya ndege."

"Ndege ipi?"

Ami hajui. Trafiki akazunguka mbele, akaliona jani. Akalisogelea, akalihesabu ncha. Unajua mwenyewe alichokuwa anakiwaza.

"Na hili?"

"La Wakanada."

"Wanavuta au wanalima?"

Ndipo nikapigiwa, simu ikawekwa spika, abiria wawili wakiwa nyuma na samaki wao juani. Nikaeleza Normandy yote, mizinga ya meli, marubani waliokuwa wakihofia kupigwa na watu wao. Trafiki akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Sawa. Na mistari mbona imepinda?"

Wallahi niliguswa. Tanga nzima huyo ndiye wa kwanza kuiona! Nikataka kumwambia habari za brashi, lakini Ami akakata simu. Samaki walishaanza kulalamika.

Nilijitolea kuibandua bure. Ami akakataa: abiria wanaikimbilia, wengine wanalipa kwanza wapige picha.

Kilichofuata ni mpinzani wake wa kijiweni, wanaogombania abiria kila alfajiri, kuja dukani kwangu.

"Nataka ya adui yake."

"Ya Mjerumani?"

"Yoyote iliyokuwa ikimsumbua."

Nikamfungulia Messerschmitt Bf 109. Akaipenda yenye pua ya njano, papo hapo akatoa pesa. Nikamrudishia mkono: pua ile ni ya 1940, na Spitfire ya Ami ni ya 1944, hizi mbili hazikukutana angani, itabidi achague nyingine.

Akanitazama kwa muda.

"We fundi, mimi nakupa hela, wewe unanipa miaka?"