Kiwanja cha Wazi Kina Wenyewe

Kila mara wakazi wa mtaa wanapokusanyika kupinga jengo la mtu binafsi kwenye kiwanja cha umma, swali la kwanza wanalotupiwa ni lilelile: ninyi yanawahusu nini? Hamlimi pale, hamjajenga pale, wala hakuna karatasi yoyote yenye majina yenu. Nimewaona watu wazima wakilisikia swali hilo na kurudi nyumbani wamenywea, kana kwamba wameambiwa ukweli. Msimamo wangu ni kwamba nchini Kenya swali hilo limekwisha kujibiwa, tena na sheria yenyewe, na kwamba anayelirudia leo ama hajui Katiba inasema nini au anategemea kwamba sisi ndio hatujui.

Kuna wakati swali hilo lilikuwa na nguvu ya hukumu. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU, kupitia kampuni iliyomiliki gazeti la Kenya Times na kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, kilipanga kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, pamoja na sanamu ya Rais Daniel arap Moi na maegesho ya magari yapatayo 2,000. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyedhani angeweza kusaidia, kuanzia ofisi ya Rais hadi ubalozi wa Uingereza, akiuliza kwa nini wakazi wa jiji wanyang'anywe mahali pa kupumzikia ambapo hawalipi kiingilio. Alijibiwa kwa kejeli. Bungeni, shirika lake la Green Belt Movement liliitwa kundi la wanawake walioachika, na Rais mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza.

Profesa Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Desemba mwaka huohuo jaji aliitupilia mbali kesi yake, akisema kwamba hakuonyesha madhara yoyote yaliyompata yeye binafsi, na kwamba mwenye mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Hebu tuitafakari hukumu hiyo. Bustani ni ya watu wote, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ameibiwa. Na yule mmoja aliyeruhusiwa kulalamika ni mshauri wa sheria wa serikali ileile iliyokuwa ikiitoa bustani hiyo. Kwa mantiki hiyo, kadiri mali inavyokuwa ya watu wengi zaidi ndivyo inavyokuwa rahisi zaidi kuichukua.

Kilichouzuia mradi ule ni kelele za watu na aibu mbele ya wafadhili, ambao walianza kuuliza inakuwaje nchi inayoomba misaada ikope fedha nyingi namna ile kwa ajili ya jumba la chama. Mradi ulipunguzwa ukubwa, kisha ukaachwa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa. Tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani hiyohiyo, Katiba mpya ilizinduliwa rasmi mbele ya umati ambao usingepata pa kusimama kama jumba lingejengwa. Kifungu cha 70 cha Katiba hiyo kinampa mtu yeyote haki ya kwenda mahakamani kutetea mazingira, na kinaeleza waziwazi kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa hiyo hoja iliyomfukuza Profesa Maathai mahakamani mwaka 1989 imefutwa kwa maandishi.

Sisi wa pwani tunayo kesi yetu, na nadhani haijazungumzwa kiasi inavyostahili. Huko Nyali, Mombasa, kipande cha ardhi kando ya bahari, ambacho kwenye ramani ya mipango kilitengwa kuwa eneo la wazi, kiligawiwa Rais Moi mwaka 1989, mwaka uleule wa Uhuru Park. Baadaye kiliuzwa, kikauzwa tena, hadi kikafika mikononi mwa kampuni iliyokuwa na hatimiliki na iliyosema ilikinunua kwa nia njema. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta uliokuwa ukiwazuia watu kufika ufuoni, nayo kampuni ikashtaki. Kesi ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Aprili 2023 iliamua kwamba ardhi ile haikupasa kugawiwa mtu tangu mwanzo, na kwamba kasoro hiyo ya mwanzo haiponi kwa sababu hati imepita mikononi mwa wanunuzi wengi. Hatimiliki, ilisema mahakama, ni zao la mwisho la utaratibu. Utaratibu ukiwa mbovu, hati haiwezi kumkinga mtu.

Uamuzi huo una uzito mkubwa kwa sababu unavunja mbinu yenyewe ya unyakuzi. Anayeishi karibu na kiwanja anaijua mbinu hiyo hatua kwa hatua. Kwanza huja vijana wawili watatu na vifaa vya kupimia, ambao wakiulizwa hujibu kwamba wametumwa tu. Baada ya muda yanaonekana mawe ya mipaka yaliyopakwa rangi, mahali ambapo jana watoto walikuwa wakitumia ndala zao kama milingoti ya goli. Kisha, mara nyingi usiku wa kuamkia sikukuu ambapo ofisi zote zimefungwa, linasimama ua la mabati na mlinzi mmoja asiyemjua aliyemwajiri. Wakati wakazi wanahangaika kutafuta wakili, kiwanja kinakuwa kimeshauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu, ili yule wa mwisho aweze kusema kwa uso mkavu kwamba yeye ni mnunuzi asiye na hatia. Kwa miaka mingi kauli hiyo ilitosha. Sasa haitoshi, na kila kamati ya wakazi inapaswa kuwa na nakala ya hukumu hiyo.

Naijua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Mombasa inahitaji ajira, nyumba na wawekezaji, na kijana asiye na kazi hali nyasi za kiwanja. Hata hivyo naomba anayesema hivyo aniambie kwa nini uwekezaji huo utue kila mara palipo pa umma, ilhali kuna maghala matupu na majengo chakavu yenye wenyewe wanaoweza kuyauza kwa bei ya soko. Jibu ni kwamba ardhi ya umma ni rahisi, na ni rahisi kwa sababu anayeitoa si yake. Ajira zinazoahidiwa zinahesabiwa, lakini hakuna anayezihesabu zile zinazopotea: mvuvi aliyefungiwa njia ya kufika diko lake, mama wa mihogo ya kukaanga na kijana wa madafu ambao wateja wao ni watu wanaoshuka ufuoni jioni. Katiba, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Haki hiyo haina maana yoyote kama njia zote za kuifikia zimejengewa kuta.

Vikao vya maoni ya umma navyo vinanitia uchungu. Nimehudhuria kikao kilichoitishwa katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati wavuvi wako baharini na vibarua wako kazini, kwa tangazo lililochapishwa kwa herufi ndogo katika gazeti ambalo mtaani hakuna anayelinunua. Waliojaza viti walikuwa wamebebwa kwa basi. Kikao cha namna hiyo kikiandikwa kuwa wananchi walishirikishwa, wananchi wanapaswa kukipinga kwa maandishi siku ileile, wakitaja saa, mahali na tangazo lilivyotolewa, kwa sababu mahakama husoma kilichoandikwa.

Serikali za kaunti zimetosheka na kubomoa ua moja mbele ya kamera, ilhali kazi yenyewe ni ya ofisini. Kila wadi iwe na orodha ya viwanja vyake vya wazi na njia zake za kuelekea baharini, pamoja na ramani na namba za usajili, ibandikwe kwenye ofisi ya chifu na ya mwakilishi wadi, na viwanja hivyo visajiliwe kwa jina la umma kabla hajatokea mtu wa kuvisajili kwa jina lake. Sheria ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Barua ya ukurasa mmoja inatosha kuanza, na kaunti itakayokaa kimya itakuwa na la kueleza mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.