Waingereza wana daftari, sisi tuna shangazi

Bibi ninayemhudumia hapa Norwich ana miaka 86, na hadi mwaka jana alikuwa hajui jina la babu yake mzaa baba. Babu yake mwenyewe, si babu wa babu. Aliponiambia nilidhani uzee umeanza kumchezea akili, kumbe hakuna aliyewahi kumtajia. Mzee alikufa kabla yeye hajazaliwa, na baba yake hakuwa mtu wa kusimulia. Basi. Kwetu Muheza mtoto wa darasa la tatu akishindwa kumtaja babu yake atachekwa, maana jina lake lenyewe linamtaja: lake, la baba, la babu. Ukimwita kwa majina matatu umeshapanda vizazi viwili bila kufungua kitabu. Ukoo wa bibi huyu umetumia jina moja tangu karne zilizopita, lakini watu waliolibeba wamedondoka njiani mmoja mmoja bila yeyote kugeuka nyuma.

Kazi yangu kwake ni dawa, kuoga na chakula cha mchana. Saa ya chai tumeifanya yetu, ya kutafuta wazee wake. Macho yake hayawezi tena mwandiko wa zamani, kwa hiyo mimi nasoma, yeye anaamua. Tulianza na sensa ya 1911, kwa sababu mwaka ule wenye nyumba walijaza fomu kwa mkono wao na fomu hizo zimehifadhiwa. Tukamkuta babu yake, miaka 36, kibarua wa shamba katika kijiji kimoja karibu na Dereham. Fomu ilimuuliza mke amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Jibu: tisa, sita, watatu. Mwandiko mzito wa mtu asiyeshika kalamu mara kwa mara. Bibi akaniambia nirudie ile tarakimu ya mwisho, halafu akanyamaza mpaka chai ikapoa. Alikuwa amewajua baba zake wadogo na mashangazi watano. Hao watatu hakuwa na habari nao.

Kutoka hapo ni kama kushuka ngazi. Sensa ya Uingereza hufanyika kila miaka kumi tangu 1801, ukiacha 1941 wakati wa vita, ila majina ya watu wote yalianza kuhifadhiwa 1841, na kila sensa hufungwa miaka 100 kabla ya kuonyeshwa. Mwaka 1881 tukamwona babu akiwa mtoto wa miaka sita, mwanafunzi. Mwaka 1851 tukamwona baba wa babu, naye ana sita, na kaka yake wa miaka tisa ameshaandikwa kibarua wa shamba. Usishangae. Norfolk, jimbo hili letu la Norwich na Dereham, ilikuwa na magenge ya watoto na wanawake waliopelekwa shamba hadi shamba kung'oa magugu na kuokota mawe, na ni mwaka 1867 tu sheria ilipokataza kuwachukua walio chini ya miaka minane. Minane! Na kichwa cha nyumba ile ya 1851 ni William, ambaye tumemchagua kuwa shina, kwa sababu nyuma yake kila mtu anaitwa William au John na wote wako kijiji kimoja.

Kibarua, kibarua, kibarua. Karani alichoka hata kuandika neno zima, akalifupisha. Mimi neno hilo nalijua kutoka upande mwingine. Kwetu kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuonyesha amefanya kazi, mpaka mtu na karatasi yake wakawa kitu kimoja. Nikamweleza bibi. Akacheka, akasema hata William naye ni karatasi tu.

Umri wa William ulitupa kazi. Mwaka 1841 ana 25, mwaka 1851 ana 37, mwaka 1861 ana 44. Daftari la ubatizo linasema 1815, kwa hiyo hesabu hata moja haikai sawa kabisa. Ile ya 1841 ina sababu: makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano ya karibu. Mbili zilizobaki ni za William mwenyewe. Hakujua. Na siku ya ndoa yake, mwaka 1839, alitia alama ya X, bibi harusi naye X.

Nilikaa na ile X muda mrefu. Nimeishi nchi hii miaka kumi na sita, na sijui ni mara ngapi nimeulizwa, kwa upole wa kuudhi, iweje mtu asijue tarehe yake ya kuzaliwa. Bibi yangu mzaa mama kitambulisho chake kilisema tarehe mosi Januari, kama wazee wote wa kijiji, kwa sababu karani alitaka tarehe na hakutaka maelezo. Ukimwuliza yeye atakwambia alizaliwa siku za vita vya nyuki. Vita hivyo ni vya Tanga, Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi walipojaribu kushuka pwani, Wajerumani wakawangoja, na nyuki wakaingia vitani bila kuitwa. Mwezi na mwaka alikuwa nao. Kitambulisho ndicho kilichokosea.

Sasa nije kwenye ninalotaka kusema. Huku ughaibuni tukikutana, kwenye msiba au kwenye pilau ya Idi, hakosi mtu wa kusema: wenzetu wameendelea kwa sababu wanaandika, sisi kila kitu mdomoni. Zamani nilikuwa naitikia. Baada ya miezi minane na ukoo wa William siitikii tena, maana nimeona karatasi zile ziliandikwa na nani na kwa nini.

Baba yake William tulimpata Ofisi ya Kumbukumbu ya Norfolk, kwenye hati ya mwaka 1823. Si cheti wala tuzo. Ni mahojiano. Kwa sheria za zamani kila parokia ililisha maskini wake yenyewe, kwa hiyo maskini akihama na akaomba msaada, aliitwa mbele ya mahakimu aeleze yeye ni wa wapi. Ulizaliwa wapi? Ulifanya kazi kwa nani? Kwa mwaka mzima au pungufu? Mwaka mzima ulikupa haki ya kuwa mtu wa pale, na ndiyo maana wakulima wengine waliajiri kwa majuma 51. Ukishindwa kuthibitisha, unapewa amri ya kurudishwa ulikotoka, wewe na mkeo na mzigo wako. Maili kumi na mbili! Mwingereza anafukuzwa na Mwingereza, kutoka kijiji hadi kijiji.

Nilisoma hati ile nikiwa nimesimama. Viza yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi kwamba sina haki ya fedha za umma, na maswali niliyojibu ili niipate ni yale yale, yamepangwa upya tu. Bibi, ambaye kwenye mambo ya wahamiaji ana maoni yake na hatukubaliani, aliitazama ile hati, akanitazama mimi, akaomba biskuti.

Ndugu za William nao tumewapata kwa njia hiyo hiyo. Dada yake alijifungua mwaka 1842 kwenye nyumba ya maskini ya Gressenhall, jengo la 1777 ambalo leo ni makumbusho na watoto wa shule hupelekwa kutembea. Kwenye cheti cha mtoto, mahali pa baba pamepigwa mstari. Daftari la ubatizo likaongeza neno la kumtaja mtoto kuwa wa nje ya ndoa, ili hata Mungu asikosee. Mdogo wao mmoja yuko kwenye sensa ya 1871, mwaka ambao fomu ilikuwa na safu ya kuonyesha nani kipofu, nani kiziwi bubu, nani mpungufu wa akili, nani kichaa. Yeye alitiwa alama. Na yule ambaye hakuugua, hakuomba, hakuiba, hakuzaa nje? Ubatizo, ndoa, maziko, sensa, kwaheri. Kaburi halina jiwe.

Kwa hiyo tukisema Waingereza wanakumbuka wazee wao, tuseme vizuri: kuna mtu aliwaandika wazee wao, kwa sababu aliogopa watamgharimu. Upendo haumo. Hata akina mama walikuwa hawamo. Cheti cha ndoa cha tangu 1837 kilitaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao, mama hakuulizwa, na majina ya mama yameingizwa England na Wales mwaka 2021. Kwetu mjomba angeuliza tu: huyu binti ni wa nani kwa mama?

Lakini msinishangilie bado, nina kesi na upande wetu pia.

Mjomba wangu mkubwa hutaja majina saba ya wazee wakati wa tambiko, bila kukwama. Kuna mama mmoja hamtaji. Nilikwisha kuwa mtu mzima ndipo mama mkubwa aliponinong'oneza, tukichambua mchicha, kwamba bibi wa bibi yetu hakuwa Mbondei. Alitoka Nyasa. Alikuja kwa shingo, ndivyo alivyosema, akakombolewa, na wamisheni wa UMCA, wale Waingereza waliokuwa na makao yao Unguja tangu 1864 na kituo chao Magila, wakambatiza jina. La kwao halijulikani. Mjomba anamruka kwa heshima, ili tusitukanwe. Daftari la Kiingereza lingemwandika bila haya: mtumwa, umri wa kukisia, mama hajulikani. Kama ameandikwa popote, ni kwenye daftari la padri aliyekulia kwenye madaftari hayo hayo yaliyomwandika William.

Na upande wa baba ni mbaya zaidi. Babu mzaa baba alikuja Tanga miaka ya 1940 kukata mkonge. Alikuwa manamba. Neno hilo tunalitumia kama tusi au kama utani, lakini ni namba tu: mtu aliandikwa kwa namba, akapewa kipande, siku ya kazi ikatiwa alama, siku 30 zikijaa analipwa. Nilimpigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko bado baridi?"

"Bado. Shangazi, babu alitoka wapi hasa?"

"Kwao Buha. Kasulu."

"Kasulu kijiji gani?"

"Mwanangu, alikuwa hasemi. Akilewa alikuwa anaimba Kiha, tukimwuliza maana anafoka."

"Na baba yake aliitwa nani?"

Akanitajia jina moja. Nikangoja la pili. Nikasikia kuku, redio, mtu anamwita, halikuja. Shangazi ambaye anajua nani alikula mahari ya nani tangu mwaka wa uhuru, hapo ndipo mwisho wake. Kumbe mdomo nao unataka mtu akae mahali. Babu alipopanda lori aliwaacha Kasulu wote waliojua kumtaja, na mkongeni hakuna aliyemhitaji awe na baba.

William hakupanda lori, alikaa ndani ya maili kumi na mbili maisha yake yote. Bibi ninayemhudumia amekwisha kuzipita hatua zangu, yuko 1790 na kitu, mimi nimekwama kwenye jina moja. Ananionea huruma waziwazi, na sijazoea kuonewa huruma kwenye jambo hili.

Jumanne iliyopita aliniuliza kama mimi nimo kwenye sensa. Nimo. Tarehe 21 Machi 2021 nilijaza kwa simu, nimekaa jikoni, binti yangu akinisomea maswali. Fomu hiyo haitafunguliwa mpaka 2122 au karibu na hapo. Majina yetu ya mwisho hayafanani, maana mimi nina la babu na yeye ana la baba yake, jambo ambalo limeshanisimamisha kwenye dirisha moja la ofisi nikathibitisha kwamba mtoto niliyemzaa ni wangu. Huyo atakayetutafuta atadhani tulikuwa wapangaji wawili. Na pale pa mahali pa kuzaliwa, William aliulizwa parokia. Mimi niliulizwa nchi. Niliandika Tanzania, hapakuwa na nafasi ya zaidi.

Nilipofika nyumbani jioni ile nilitoa picha ya babu, ile moja, amesimama mbele ya kitalu cha mkonge na kofia mkononi. Nikamwambia binti alete kalamu ya wino usiofutika aandike nyuma. Akauliza aandike nini. Nikamwambia anza na Kasulu, halafu lile jina moja, halafu acha nafasi.