Dwarf Fortress: ngome nyingi hufia jikoni

Mgeni yeyote wa Dwarf Fortress, gemu ya kompyuta ya kujenga ngome ya vibete, hukaribishwa kwa kauli moja kabla hajachimba hata shimo la kwanza: kushindwa ni raha. Wakongwe wameirudia mpaka imekuwa salamu. Naipenda kauli hiyo, ila inasemwa nusu. Raha ya kushindwa huja pale unapojua kilichokuangusha, na wachezaji wengi wapya hawajui. Wanaona vibete wao wakipigana kilabuni, wanaona maiti koridoni, wanaifunga gemu wakiamini kwamba ni mkosi au ni goblini. Ukirudisha kumbukumbu miezi sita nyuma, mara nyingi utakuta chanzo kilikuwa pipa, mbegu au jeneza.

Kwa asiyeijua: hii ni kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, walioanza kuiandika mwaka 2002 na kuiachia hadharani Agosti 2006. Kwa miaka mingi waliishi kwa michango ya wachezaji. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliichukua miongoni mwa gemu 14 za kwanza za mkusanyiko wake. Desemba 2022 ikatoka Steam, duka la gemu la mtandaoni, kupitia mchapishaji Kitfox Games, ikiwa na picha badala ya herufi tupu. Toleo la bure, Classic, bado linapatikana kwenye tovuti ya ndugu hao, Bay 12 Games, na ukishalipakua huhitaji tena intaneti.

Unaanza na vibete saba na mkokoteni mmoja. Unachimba mlima, wahamiaji wanakuja, na ngome ikistawi inapata baron (kabaila wa cheo cha chini), kisha inapanda daraja, hata mfalme mwenyewe anaweza kuhamia kwako. Katika safari yote hiyo huongozi kibete mmoja mmoja. Unaagiza kazi tu, nao wanaifanya wakiwa na kiu zao, miungu yao, marafiki zao na watu wasiopikika nao chungu kimoja. Kwa hiyo mimi naiweka kwenye gemu za maisha kwanza, vita baadaye, na nadhani anayeanza anapaswa kujifunza kwa mpangilio huo huo. Miongozo mingi huanza na mitego na majeshi. Ni kuanza mwisho.

Anza na pombe. Kibete asiye na pombe hunywa maji, lakini anakuwa mzito kazini na moyo wake unaanza kuchafuka. Mahali penye baridi kali maji yenyewe huganda msimu wa baridi, na hapo kiu inaua. Kwa mwaka mmoja wa gemu, ambao una siku 336, kibete mmoja hunywa takriban mara 16 na kula takriban mara 8. Ngome ya watu 20, idadi unayoweza kuifikia mwaka wa kwanza tu, inataka vinywaji kama 320 kwa mwaka. Hesabu hiyo inatisha mpaka ujue kwamba uyoga mmoja wa plump helmet ukiingia kwenye karakana ya pombe, iitwayo Still, unatoa vinywaji vitano. Uyoga 64 unawatosha wote 20.

Shamba lenyewe lichimbe chini ya ardhi, kwenye tabaka la udongo. Kwenye mwamba mtupu halikubali mpaka umwage maji kwanza yaache tope. Mashamba mawili ya 3×3 yanatosha kwa kuanzia. Plump helmet hukomaa kwa siku kama 25 na huota misimu yote minne, wakati mazao mengine kama pig tail na cave wheat ni ya kiangazi na vuli tu. Hapa ndipo kosa la kwanza linapoingia: kila shamba linapangiwa zao kwa kila msimu peke yake. Mgeni huchagua plump helmet akiwa kwenye masika, anafurahi kuona linapandwa, kisha kiangazi kinaingia na shamba linabaki tupu kwa sababu hakugusa ile misimu mingine mitatu. Hakuna king'ora kitakachokuambia. Unakuja kugundua pombe ikiisha.

Kosa la pili ni baya zaidi, na sijaona ngome changa inayofanya hivi ikapona kirahisi. Uyoga ukitengenezwa pombe hurudisha mbegu. Ukiliwa mbichi hurudisha mbegu. Ukipikwa jikoni, mbegu inapotea kabisa. Mpishi hana huruma: ukimwagiza atengeneze mlo atachota kilicho karibu, na kilicho karibu ni ile akiba yako yote ya uyoga. Baada ya msimu mmoja una milo mizuri ya kumwaga, wapishi hodari, na mfuko wa mbegu usio na kitu. Dawa yake inachukua nusu dakika. Fungua menyu ya Labor, nenda kwenye kichupo cha Kitchen, tafuta plump helmet na uzuie isipikwe, ila uiache iruhusiwe kutengenezewa pombe. Hapo hapo kagua kama mbegu na pombe nazo hazijaruhusiwa kupikwa, maana pombe pia huweza kuingia sufuriani. Fanya hivyo kabla hujajenga jiko, siyo baada.

La tatu ni mapipa. Karakana ya pombe haifanyi kazi bila chombo kitupu, na ghala la chakula hupenda kuyameza mapipa yote kuhifadhia samaki na nyama. Utaona kazi ya pombe inafutwa tena na tena huku uyoga umejaa tele. Usikimbilie kukata miti zaidi. Mbao zina kazi nyingine: kitanda hakitengenezwi kwa jiwe, na kila kitanda kinakula gogo moja. Agiza mitungi mikubwa ya mawe kwenye karakana ya ufundi, jiwe moja kwa mtungi mmoja. Mawe unayo mpaka yanakuzibia njia. Kisha mteue meneja na mtunza hesabu, na uandike agizo la kudumu: vinywaji vikishuka chini ya 100, tengeneza. Tangu hapo pombe inajiendesha yenyewe.

Vibete hawaishi kwa kinywaji tu, wanaishi pia kwa wanachokiona. Kila mmoja ana ukurasa wa mawazo yake, na ningemshauri kila mchezaji ausome wa vibete wawili watatu kila msimu. Atakuta mmoja amekerwa na uvundo, mwingine hajasali kwa muda mrefu, mwingine amelala sakafuni, mwingine ameona maiti ya rafiki yake. Msongo hujikusanya polepole na hupungua polepole. Ukisubiri mpaka kibete aanze kuvunja samani, umechelewa kwa miezi.

Uvundo una tiba rahisi: nyama na mabaki vinavyooza ndani ya mlima vinatoa harufu inayoenea vyumbani, lakini juani havitoi kitu. Weka eneo la taka nje, na karakana ya kuchinja iwe karibu na mlango. Sala inahitaji hekalu, hata chumba kimoja kisicho cha mungu maalumu. Maiti ndiyo inayowashinda wengi. Asiyezikwa hugeuka mzimu, na mzimu huwatisha watu miaka na miaka. Tengeneza majeneza kabla ya msiba. Kama mwili umepotea, tuseme mvuvi kasombwa na mto, chonga bamba la jiwe kwenye karakana ya mawe, lipeleke kwenye karakana ya ufundi liandikwe jina lake, kisha lisimamishe popote ndani ya ngome. Mzimu unatulia. Bamba tupu lisiloandikwa halisaidii kitu, na wengi huishia hapo wakidhani gemu ina hitilafu.

Hitilafu za kweli nazo zimewahi kuwepo, na moja inaeleza gemu hii kuliko maelezo yangu yote. Vilabu vya pombe viliongezwa mwishoni mwa mwaka 2015. Muda mfupi baadaye wachezaji wakaanza kuona paka wamekufa kilabuni, wamezungukwa na matapishi. Tarn Adams akafuatilia. Vibete walikuwa wakimwaga pombe sakafuni, paka wanapita juu yake, pombe inashika kwenye nyayo, na paka kama paka anajilamba kujisafisha. Kila sehemu ya mnyororo huo ilikuwa imeandikwa kwa sababu yake tofauti, na zote zilikuwa sahihi isipokuwa kipimo kimoja: paka aliyelamba unyayo alihesabiwa kama amekunywa kikombe kizima. Kwa mwili mdogo vile, ilitosha kuua. Hakuna aliyepanga paka walevi. Walitokea, kwa sababu dunia ile inaamini kabisa kwamba nyayo hushika vimiminika na kwamba paka hupenda usafi. Ukishaielewa hiyo, unaanza kuichunguza ngome yako kwa macho mengine.

Kisha kuna kile ninachokiita mzuka. Ngome ikiwa na vibete 20 au zaidi, siku yoyote mmoja anaweza kuacha kila kitu, akateka karakana, akamfukuza aliyekuwamo na kuanza kukusanya vitu. Anataka malighafi maalumu na hatasema waziwazi. Bonyeza karakana usome anavyonung'unika: akitaja machimbo ni mawe, akitaja mti ni magogo, akitaja kitambaa tambua kuwa vipo vya aina tatu, cha mimea, cha hariri na cha sufu, na anaweza kutaka kimoja tu kati ya hivyo. Akipata vyote, anatengeneza kitu cha kipekee ambacho kitabaki na jina lake katika historia ya dunia ile, na mara nyingi yeye mwenyewe anatoka akiwa fundi wa daraja la juu kabisa. Asipopata, miezi inapita, kisha anashikwa na wazimu usio na dawa: ama anazama katika huzuni mpaka afe, ama anatangatanga uchi, ama anawashambulia wenzake.

Kwa hiyo weka sanduku la mzuka. Mifupa kutoka karakana ya kuchinja, magamba, ngozi, vitambaa vya aina zote tatu, vito vilivyokatwa na visivyokatwa, vipande vichache vya chuma. Karakana ambayo huhitaji kila siku ijenge hata hivyo, kwa kuwa fundi anayetaka tanuru la glasi na halipo atasimama tu akisubiri. Ujanja wa wazoefu uko kwenye ujuzi: mzuka hufuata ujuzi mkubwa kuliko wote wa kibete husika kati ya zile kazi za ufundi. Mkulima asiyejua ufundi wowote, mpe kazi moja tu ya kufua deraya. Mzuka ukimpata, unaweza kuamka na fundi deraya bora katika ufalme mzima badala ya mchonga vikuku.

Ulinzi nitaupitia haraka, kwa sababu kwa mwaka wa kwanza unahitaji kitu kimoja: daraja la kuinua mlangoni. Lipe upana wa hatua tatu, la sivyo magari ya wafanyabiashara hayapiti. Wakati wa kulijenga chagua upande litakapoinukia, liinuke kuelekea ndani. Ukiacha lile la kujikunja lisiloinuka, halizibi kitu kama hakuna handaki chini yake. Wenzo wa kuliinua unatumia kifaa kimoja cha mtambo, kuuunganisha na daraja kunakula viwili zaidi, kwa hiyo andaa vitatu. Wenzo uwe ndani, karibu na kilabu, penye watu muda wote. Na kabla ya kuuvuta angalia nani yuko nje, kwani kila unayemfungia huko atakurudia kama jeneza, bamba au mzimu.

Mwisho ni ukubwa. Mipangilio inaruhusu watu 200, na wengi huiacha hivyo mpaka kompyuta inaanza kutambaa, maana kila kibete na kila mnyama anapigiwa hesabu ya njia yake muda wote. Mimi naamini ngome ya watu 50 hadi 60 ndiyo tamu zaidi, hata kwa mwenye mashine kali. Kwa idadi hiyo bado unayajua majina. Usishuke chini ya 20 kwa sababu utaupoteza mzuka, na chini ya 50 hutapata uchaguzi wa meya. Fahamu pia kwamba makundi mawili ya kwanza ya wahamiaji hayatii kikomo chochote. Kwenye kompyuta ya zamani tengeneza dunia ya Pocket au Smaller, historia ya miaka 100, na eneo la ngome la 2×2 au 3×3. Paka nao wapunguze mapema wangali wachache. Paka akishamchagua bwana wake, huwezi tena kuagiza achinjwe, na akifa atamuumiza bwana huyo moyo, na huyo bwana huenda ndiye mtengeneza pombe wako.